Mwana wa Mumias Aliyefinyanga Uhuru wa Jirani

Katikati ya jiji la Kampala pana sanamu ya saruji yenye kimo cha mita sita hivi. Mtu amesimama wima, mwili wake ukiwa umeviringishwa vitambaa kuanzia miguuni kana kwamba ndipo anafunguliwa, na mikononi amemwinua mtoto ambaye naye ameitupa mikono yake juu kwa furaha. Hiyo ndiyo sanamu ya uhuru wa Uganda, iliyosimamishwa mwaka 1962. Aliyeitengeneza ni Gregory Maloba, Mkenya aliyezaliwa mwaka 1922 huko Mumias, ng'ambo tu ya mto Nzoia ukitokea Bungoma. Uganda ilipojitawala tarehe 9 Oktoba mwaka huo, nchi aliyozaliwa Maloba ilikuwa bado koloni, na ilibakiwa na miezi kumi na minne ya kusubiri. Mtu ambaye kwao hapakuwa na uhuru ndiye aliyekabidhiwa kazi ya kuupa umbo uhuru wa jirani. Jambo hili husimuliwa kama ajabu ndogo ya historia, kisha husahaulika. Nionavyo mimi, ni ushahidi mkubwa. Linaonyesha kwamba sanaa ya kisasa ya Afrika Mashariki ilitengenezwa na watu walioishi nje ya kwao, na kwamba tukiendelea kuwahesabu wasanii kwa pasipoti zao, nusu ya historia hiyo itatuponyoka. Kwa watu wa Bungoma na Kitale, hasara hiyo ni kubwa zaidi, maana wanaishi palepale ambapo njia yenyewe ilipita.

Kwanza tuulize: je, Maloba alipokwenda Uganda alikwenda ugenini? Kwa ramani ya leo, ndiyo. Lakini mpaka huo ulikuwa na umri wa miaka ishirini tu alipozaliwa. Hadi mwaka 1902, eneo lote la magharibi mwa Kenya, pamoja na nchi ya Wabukusu, Mumias na miteremko ya mlima Elgon, lilikuwa Mkoa wa Mashariki wa Uganda. Tarehe 1 Aprili 1902 serikali ya Uingereza iliuhamishia mkoa huo upande wa pili kwa amri ya karatasi, bila mtu kung'oa nguzo ya nyumba yake. Mumias, makao ya Nabongo Mumia, mfalme wa Wawanga, ilikuwa kituo cha misafara ya wafanyabiashara kutoka pwani tangu kabla ya Waingereza kufika, na misafara hiyo haikuishia hapo. Iliendelea hadi Buganda. Kanisa Katoliki nalo lilichelewa kuufuata mpaka mpya: wamisionari wa Mill Hill walioanzisha misheni ya Mumias waliendelea kuongozwa kutoka Uganda hadi mwaka 1925, ilipoundwa Prefekcha ya Kavirondo. Juu mlimani, Wabukusu wa Kenya na Wagisu wa Uganda wanasikilizana lugha, wanaitana ndugu, na hutahiri vijana wao katika miaka ileile inayogawanyika kwa mbili. Reli nayo ikaja kuukaza uzi huo, ikapita Webuye na Bungoma, ikavuka Malaba na Tororo, ikafika Kampala mwaka 1931. Kijana wa Mumias aliyetaka elimu ya juu mwishoni mwa miaka ya 1930 hakuwa na chuo kikuu Nairobi. Alikuwa na Makerere, na reli ilikuwa imekwisha kumfungulia njia.

Hapo ndipo yafaa kutazama kile kilichokuwapo nyumbani, maana mtu hutoka kwao kwa sababu. Mwaka 1926 tawi la reli lilifika Kitale. Lilijengwa kwa ajili ya mazao ya mashamba ya walowezi wa Trans Nzoia, ambayo yalilimwa kwa nguvu za vibarua, wengi wao Wabukusu. Mwaka huohuo mlowezi mmoja, Kanali Hugh Stoneham, alianzisha hapo Kitale jumba lake binafsi la makumbusho, akaweka humo wadudu, ndege, wanyama na vitabu alivyokuwa akikusanya tangu ujana wake. Alipofariki mwaka 1966 aliliachia taifa mkusanyo huo, na mwaka 1974 ikafunguliwa Makumbusho ya Kitale tunayoijua leo, ya kwanza ya aina yake nje ya Nairobi na pwani. Simdharau Stoneham, bila yeye watoto wengi wa Trans Nzoia wasingaliwahi kuingia katika jumba la makumbusho. Lakini mpango wenyewe utazamwe kwa uwazi. Ukanda mmoja ulipata reli ya kubebea mahindi na kabati za kuhifadhia vipepeo, wala haukupata hata chumba kimoja ambamo kijana Mwafrika mwenye kipaji cha mikono angefundishwa na kuchukuliwa kwa uzito. Ufinyanzi, ususi na uchongaji vilikuwapo vijijini, tena vya hali ya juu, lakini shule za misheni ziliviita kazi za mikono na kuviweka pembeni. Kwa hiyo Maloba hakuondoka kwa kukidharau kwao. Aliondoka kwa sababu kipaji chake hakikuwa na mahali pa kukaa.

Mahali hapo palifunguliwa na mwanamke aliyekuwa mgeni kuliko yeye. Margaret Trowell, Mwingereza aliyesomea sanaa katika chuo cha Slade huko London, alifika Afrika Mashariki na mumewe, daktari, akaishi kwanza Ukambani, kisha Kampala. Mwaka 1937 alianza kufundisha uchoraji nyumbani kwake kwa wanafunzi wachache. Mwaka 1939 kazi zao zilionyeshwa London, na hatimaye Makerere ikalipokea somo hilo rasmi. Shule hiyo leo ina jina lake. Aliwasimulia wanafunzi hadithi, akawaacha waione akilini na kuichora wao wenyewe, badala ya kuwapa picha za Ulaya wazinakili. Maloba alikuwa miongoni mwa wanafunzi wake wa mwanzo kabisa, na yeye akaegemea uchongaji. Katika kazi zake za ujanani iko sanamu ya mbao aitwayo Kifo, na jina hilo peke yake latosha kuonyesha kwamba kijana huyu hakuwa akitengeneza mapambo ya kuwauzia watalii. Baada ya masomo alibaki kama msaidizi wa Trowell, akapelekwa Uingereza kuendelea na masomo, ikiwemo Bath Academy of Art pale Corsham, kisha akarudi Makerere kufundisha. Alifundisha huko hadi katikati ya miaka ya 1960. Katika madarasa ya shule hiyo walipita Sam Ntiro na Elimo Njau kutoka Tanganyika, na Theresa Musoke wa Uganda yenyewe. Ni vigumu kutaja mchoraji wa kizazi hicho ambaye hakuguswa na shule ile, na mwana wa Mumias alikuwa mmoja wa nguzo zake.

Pingamizi la kwanza, na lenye nguvu kuliko yote, ni kwamba mtu wa namna hii ni zao la ukoloni. Alifundishwa na Mwingereza, akanolewa Uingereza, akafanya kazi kwa saruji na plasta badala ya udongo wa mtoni. Mwacha mila ni mtumwa, mpingaji atasema. Sanaa ya kwetu haikuwa na haja ya Slade. Pingamizi hili haliihusu Afrika Mashariki pekee, na kulipima kwa mfano wa mbali kunasaidia. Mwaka 1925, miaka kumi na miwili kabla ya darasa la Trowell, mchoraji Mfaransa Victor Tardieu alifungua shule ya sanaa huko Hanoi, Vietnam ikiwa chini ya Ufaransa, akishirikiana na mchoraji wa huko, Nguyễn Nam Sơn. Mmoja wa wanafunzi wa kwanza alikuwa Lê Phổ, aliyezaliwa mwaka 1907. Mwaka 1937 Lê Phổ alikwenda Paris kwa ajili ya maonyesho ya kimataifa, hakurudi tena kuishi kwao, na akafia Ufaransa mwaka 2001 baada ya kuchora kwa zaidi ya miaka sitini wanawake wa Kivietnam, watoto wao na maua, mwanzoni juu ya hariri na baadaye kwa rangi za mafuta. Wenzake Mai Trung Thứ na Vũ Cao Đàm waliishi hukohuko. Lakini Tô Ngọc Vân, aliyesoma shule hiyohiyo kwa walimu walewale, alibaki nyumbani, akajiunga na vita vya kuikomboa nchi, akawachora wapiganaji na wakulima, na akafa vitani mwaka 1954. Shule moja ya kikoloni ilimtoa mchoraji wa kumbukumbu tulivu za mbali na mchoraji wa mapinduzi. Basi shule haiamui peke yake. Humpa mtu zana, na anachokifanya nazo huamuliwa na maisha anayochagua na watu anaojitoa kwao. Nami sioni haki ya kumtupa Lê Phổ eti kwa kuwa aliwachorea wanunuzi wa Paris. Nchi iliyokuwa ikiteketea kwa vita ilihitaji pia mtu wa kuhifadhi sura yake ya amani. Ila kuna tofauti kati yake na Maloba ambayo ni lazima isemwe. Lê Phổ aliishi katika jiji la mtawala wake. Maloba aliishi kwa jirani aliyetawaliwa kama yeye, na kazi yake kubwa ya kila siku ilikuwa kufundisha wengine.

Tofauti hiyo ndiyo inayojibu pingamizi la pili, linaloigusa sanamu yenyewe. Iliagizwa wakati Waingereza wakijiandaa kukabidhi madaraka. Basi, huulizwa, ni uhuru wa nani unaosimama pale? Ni kweli kwamba serikali nyingi zinazoondoka hupenda kuacha kumbukumbu inayozisifu. Lakini itazame sanamu. Hamna bendera ndani yake, hamna mfalme, hamna gavana anayepokewa mkono wala kiongozi wa chama. Kuna mwili uliofungwa, na mtoto aliyetoka salama katika mwili huo. Vitambaa vinasema wazi kwamba mzazi alikuwa kifungoni, na hakuna serikali ya kikoloni ambayo ingependa sana kusomewa hilo mbele ya umma. Isitoshe, Uganda ya mwaka 1962 ilikuwa nchi yenye Kabaka, mfalme wa Buganda, na watawala wengine wa jadi, yenye vyama vilivyogombana na dini zilizoshindania madaraka. Msanii mwenyeji, hata angekuwa hodari namna gani, angeulizwa mara moja ni wa upande gani, na uso wa sanamu ungechunguzwa kama ni wa Muganda au wa mtu wa kaskazini. Maloba hakuwa na upande katika ugomvi huo. Wakati huohuo hakuwa mtazamaji wa mbali. Alikuwa ameishi humo karibu nusu ya umri wake, na alijua kutawaliwa ni nini kwa sababu nchi yake ilikuwa bado inatawaliwa. Nafikiri ndiyo maana aliweza kumtengeneza mtu asiye na kabila, na nafikiri ndiyo maana sanamu hiyo ilidumu. Tangu wakati huo Uganda imepita mapinduzi, vita na tawala zilizochukiana, na hakuna iliyoona haja ya kuiondoa.

Kuna atakayesema kwamba nikiendelea hivi nitamsifu kila mgeni aliyeshika brashi Afrika. Sivyo. Mfano ulio karibu ni Joy Adamson, anayejulikana zaidi kwa simba wake Elsa. Alizaliwa mwaka 1910 Troppau, mji uliokuwa Austria wakati huo, akafika Kenya mwaka 1937, na mwaka 1949 serikali ya kikoloni ikampa kazi ya kuchora watu wa makabila ya Kenya katika mavazi yao ya jadi. Alizunguka nchi kwa miaka kadhaa akatoa mamia ya picha, na nyingi zimo katika Makumbusho ya Taifa, Nairobi. Ni kazi ya bidii kubwa, na kwa anayetafuta umbo la vazi la ngozi, hereni au kofia ya mzee wa zamani, ni hazina. Lakini ilikusudiwa kuwa orodha ya vitu vinavyotoweka. Waliochorwa walisimama, wakatazamwa, wakaondoka, hawakupewa brashi. Mgeni anayeishi kati ya watu na kuwaandikisha, na mgeni anayeishi kati ya watu na kuwafundisha, hawaachi urithi wa aina moja, hata kama wote wawili wana mkono mzuri. Kipimo ninachokitumia hapa hakihusu rangi ya ngozi, maana kwa kipimo hichohicho Trowell, Mwingereza, anasimama upande wa Maloba. Elimo Njau naye yuko upande huo: Mtanzania aliyechora kuta za kanisa la Murang'a katika miaka ya 1950, akamweka Kristo katika mandhari ya Kikuyu, kisha mwaka 1965 akawa miongoni mwa waanzilishi wa Paa ya Paa jijini Nairobi, kituo ambacho wasanii wa Kenya walikifanya chao.

Maloba mwenyewe alirudi Kenya katikati ya miaka ya 1960 kuongoza Idara ya Ubunifu katika chuo cha Nairobi. Wakati huo Makerere, Nairobi na Dar es Salaam vilikuwa vyuo vitatu vya Chuo Kikuu kimoja cha Afrika Mashariki, hivyo kwa makaratasi alihama idara tu. Chuo hicho kikavunjika mwaka 1970, Idi Amin akanyakua Uganda mwezi Januari 1971, na mnamo Februari 1976 akadai kwamba magharibi yote ya Kenya, Bungoma na Kitale zikiwemo, ni mali ya Uganda kwa hoja ya mpaka wa zamani. Kumbukumbu ya ujirani ikageuzwa kuwa tishio la vita. Mwaka uliofuata Jumuiya ya Afrika Mashariki ikafa. Katika miaka hiyo ndipo wasanii wa Uganda walipoanza kuja upande huu, na njia kuu ya kutoka Kampala hadi Nairobi ilikuwa ileile ya Tororo, Malaba na Bungoma. Theresa Musoke, ambaye mchoro wake wa ukutani wa Kuzaliwa uko katika bweni la Mary Stuart huko Makerere, aliishi Kenya kwa zaidi ya miaka ishirini, akifundisha na kuchora wanyama wanaotokeza na kuzama ndani ya rangi, kabla ya kurudi kwao. Francis Nnaggenda, mchongaji wa sanamu ya Majeruhi wa Vita iliyosimama Makerere, alifundisha Nairobi kabla ya kurejea Uganda mwaka 1978. Jak Katarikawe, mtu wa Kigezi, kusini-magharibi mwa Uganda, ambaye hakusomea sanaa darasani na ambaye aliwahi kuwa dereva wa mhadhiri wa Makerere, aliishi Nairobi miaka mingi mpaka akafia huko mwaka 2018. Picha zake za ng'ombe wenye huba na ndoto za milima ya kwao zilichorwa Kenya, zikanunuliwa Kenya, na zikawaonyesha Wakenya wengi wasio na vyeti kwamba uchoraji ni kazi wanayoweza kuishi nayo. Deni la Mumias lililipwa na Kigezi, ingawa hakuna aliyeliandika daftarini.

Hapa mzalendo wa kweli anaweza kuuliza swali la haki: taifa changa lisipohesabu wasanii wake, litajijuaje? Nakubali kwamba watoto wa shule wanahitaji kuona majina ya kwao. Lakini hesabu ya kitaifa kama inavyofanywa sasa haimtendei haki hata Maloba. Katika orodha ya Uganda huwekwa kando kwa kuwa ni Mkenya; katika orodha ya Kenya hutajwa haraka kwa kuwa kazi yake kuu iko Kampala; na magharibi mwa Kenya, alikozaliwa, wengi humaliza shule bila kulisikia jina lake. Orodha ambayo humwangusha mtu huyohuyo pande zote mbili ina kasoro katika namna ilivyotungwa. Wala lisije swali la kaunti kuturudisha nyuma, eti Mumias iko Kakamega na si Bungoma wala Trans Nzoia. Mipaka hiyo ni ya jana kuliko ule wa 1902. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, iliziachia kaunti shughuli za utamaduni, maktaba na makumbusho. Kwa hiyo serikali za Bungoma, Kakamega na Trans Nzoia zina mamlaka ya kufanya jambo hili leo bila kuingoja Nairobi: kuagiza nakala na picha kubwa za kazi za Maloba, Musoke na Katarikawe kwa kushirikiana na Makerere, kuzitundika Kitale ambako shule za ukanda mzima hufika kwa ziara, na kudhamini wanafunzi wachache kila mwaka wavuke Malaba kusoma katika shule ambayo kijana wa Mumias alisaidia kuijenga. Chuo Kikuu cha Kibabii, kilicho Bungoma kwenyewe, kingeweza kuanza na kazi ya haraka kuliko zote, yaani kurekodi simulizi za waliofundishwa na Maloba Nairobi na Kampala. Yeye alifariki mwaka 2007, na wale wanafunzi wake wa mwanzo walio hai bado wamekwisha kuwa wazee.